Kombora la Tatu

Mimi ni fundi wa meno ya bandia, na kabla hujacheka, hebu pitisha ulimi wako nyuma ya meno ya mbele. Unahisi kila kitu, sivyo? Unahisi hata kijiufa ambacho kioo hakiwezi kukuonyesha. Kwa miaka ishirini na sita nimetengeneza meno kwa ajili ya ndimi za watu, na nakwambia ulimi ni mkaguzi asiyekula rushwa. Ukimwachia mteja kituta chenye unene wa unywele, kesho yake yuko mlangoni, meno kayafunga kwenye leso na uso kaukunja, na haki anayo. Kwa hiyo kuunda jino ni nusu tu ya kazi yangu. Nusu ya pili ni kusugua na kulainisha mpaka kusibaki kitu cha kuhisi. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililotaka kuniaibisha.

Baba yangu alikuwa askari wa kikosi cha makombora ya kutungulia ndege. Alitumikia miaka ishirini na miwili, akaishia Koplo, na hawakuwahi kumrushia adui hata kombora moja. Kazi yao ilikuwa kuyapandisha kwenye kirushio, kuyafuta vumbi, kuyakagua, kuyashusha, kuyafunika turubai, na kesho yake kuanza upya. "Tulikuwa mayaya," hupenda kusema. "Tofauti ni kwamba watoto wetu hawakulia, na tulimwomba Mungu wasilie." Kirushio chao kilikuwa Namba Nne, kilichobebwa mgongoni mwa lori, na wahudumu wake walikuwa wanne. Wawili wametangulia mbele ya haki. Amebaki Baba, na amebaki mkuu wao, ambaye mpaka leo hata mke wake anamwita Sajini.

Tangu mama afariki, Baba anaishi kwangu. Chumba changu cha kupigia pasi amekigeuza kiwanda. Humo anaunganisha modeli za plastiki za magari ya jeshi, zile ambazo kila kitu kimepunguzwa mara sabini na mbili, hata lori zima linakaa kiganjani. Mkono wake wa kulia unatetemeka, basi huushika kwa wa kushoto, mmoja ukimwongoza mwenzake kama mtu anayemrudisha mlevi nyumbani. Gurudumu moja linaweza kumla asubuhi nzima. Nikimwambia apumzike, ananiuliza kama mimi nimewahi kumpa mteja nusu ya meno.

Modeli ya Namba Nne aliitafuta kwa miaka mingi, maana kiwanda kilichokuwa kikizitengeneza kilifungwa zamani. Mwaka jana akaipata kwenye mnada wa vitu vya marehemu fulani: boksi lililobonyea pembe, na juu yake picha ya lori lenye makombora matatu yakitazama mbinguni. Alilibeba mpaka nyumbani kifuani, kama kichanga. Akalijenga lori kwa miezi minane, akifuata karatasi ya maelekezo hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja. Makombora yalikuwa hatua ya ishirini na tisa. Siku alipofika hatua hiyo ndipo alipofungua kifuko cha mwisho.

Nilipopita mlangoni nikachungulia.

"Magurudumu," alisema. "Wameniwekea magurudumu. Na wala si ya gari hili."

"Baba, miezi minane yote hukufungua ukaangalia?"

"Hatua yake ilikuwa haijafika."

Ningeweza kupiga kelele. Nilijizuia kwa kuwa macho yake yalikuwa yamejaa, na Baba si mtu wa kulilia plastiki.

Juzi yake, Jumapili, mke wa Sajini alikuwa amepiga simu. "Shemeji," alimwambia, "kisukari kimempanda machoni. Daktari anasema anachokiona mwezi huu huenda asikione mwezi ujao. Kama una la kumwonyesha, usingoje." Wakakubaliana waje Jumamosi. Na la kumwonyesha lilikuwepo. Kikosi kilipovunjwa, Namba Nne ilikatwa kwa moto wa gesi ikauzwa chuma chakavu, na siku hiyo Sajini alikuwa hospitalini na mguu uliovunjika. Hakuiaga. Baba alimwahidi pale pale kitandani: "Nitakuonyesha tena, afande." Ahadi hiyo ilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na sasa ilikuwa imebakiwa na siku nne na kirushio kitupu.

Nikaacha kazi zangu nikashika simu. Duka la kwanza la vitu vya watoto likaniambia wana kombora linalolia na kuwaka taa. La pili wakaniuliza kama mtoto wangu ana miaka mingapi. Nikasema sabini na tatu, wakakata. Kwenye kundi la simu la watu wanaounganisha modeli, mmoja alikuwa na boksi zima, lakini liko melini na litafika baada ya miezi miwili. Baba akajaribu kuchonga njiti ya mshikaki. Akaitazama, akaivunja. "Njiti ni njiti tu," akasema. Nilikuwa nimeshakata tamaa pale mtu mmoja aliponiandikia: *Jaribu kwa Masanduku.*

Masanduku alikaa ghorofa ya nne, na jina lake nililielewa mlangoni. Maboksi ya modeli yalipangwa kutoka sakafuni hadi darini, pande zote, hata njia ya kwenda jikoni ilitaka uingie kiubavuubavu. Yeye mwenyewe alikuwa mwembamba, nadhani kwa mazoea. Nikamweleza ninachotafuta. Alivuta kidroo, akatoa kopo dogo la plastiki, na ndani yake, juu ya pamba, lilikuwepo. Kombora moja.

"Mawili mengine nayatafuta, huu mwaka wa kumi na moja," alisema.

"Niuzie, kaka."

"Dada yangu, hapa haiuzwi hata hewa."

Basi nikamweleza habari za Sajini na macho yake. Sikutia chumvi, maana haikuhitaji chumvi. Masanduku akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mwishowe akanisogezea kopo.

"Nakuazima tu. Unaweza kulinakili?"

"Kaka, mimi nanakili meno ya watu. Hili halina hata ufizi."

"Ijumaa jioni liwe hapa. Na lirudi kama lilivyoondoka."

Nikaapa. Mdomo wangu huu ndio ulioapa.

Jumatano asubuhi nikaingia karakana kabla ya wenzangu. Nikaliweka kombora chini ya taa, nimelishika kwa kibano. Urefu wake ulizidi kidole changu cha kati kidogo tu, lina mapezi manne kiunoni na manne mkiani, mazuri ajabu. Doa lilikuwa moja: ubavuni, kutoka karibu na pua kwenda mkiani, palikuwa na kituta chembamba, kimenyooka. Katika kazi yetu kituta cha namna hiyo ni aibu. Hutokea pale nusu mbili za kalibu zisipofungana vizuri, na mwanafunzi anayekiacha huonja ukali wa ulimi wangu. Mkono wangu ukachukua msasa. Sikufikiri, nakuapia sikufikiri. Bandu bandu huisha gogo, na hicho hakikuwa gogo. Chai yangu haikuwahi hata kupoa na kombora lilikuwa laini kama jino la waziri.

Nikafurahi. Ndiyo maana naona aibu zaidi, kwamba nilifurahi. Nikalimwagia silikoni kupata kalibu, na kwenye kalibu nikamimina akriliki, mara tatu. Akriliki tuliyokuwa nayo siku hiyo ni ile ya ufizi, basi makombora yalitoka ya waridi. Fundi mwenzangu akapita, akasimama.

"Dada, haya ni meno ya nani?"

"Ya lori," nikamjibu, nikayafunga kwenye kitambaa nikaenda nayo nyumbani nikipiga mluzi.

Baba alicheka alipoyaona. Alicheka mpaka akakaa. "Makombora ya ufizi! Adui angekimbia mwenyewe!" Kisha akachukua moja, akapitisha kidole gumba ubavuni, kutoka puani kwenda mkiani. Akaligeuza. Akapitisha tena. Kicheko kikamwisha.

"Kifuniko kiko wapi?"

"Kifuniko gani?"

"Cha nyaya. Kinapita hapa ubavuni. Kilikuwepo, mwanangu? Kwenye lile la kuazima, kulikuwa na mstari umeinuka hapa?"

Nikafungua kopo la Masanduku, nikamwonyesha kombora nililolinyoa. Nilitamani ardhi ipasuke pale pale. Lakini mimi nikishikwa na aibu huwa nageuka mkali, huo ndio ugonjwa wangu, basi nikamfokea.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningejuaje kwamba utalichubua kama kiazi?"

Hapo nikalia. Baba akaniacha nilie, kisha akanivutia kiti, akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia, mimi mwanawe wa pekee.

Kwenye kombora la kweli, alisema, nyaya hupita nje ya mwili, ndani ya kifuniko kirefu cha bati chenye kitasa mkiani. Kila asubuhi, kabla hajaonja chai, Sajini alikuwa anapitisha kiganja juu ya vifuniko vyote vitatu, kutoka puani hadi kwenye kitasa. Hakutazama. Alipapasa tu. Baba alikuwa na miezi mitatu kikosini ilipofika asubuhi moja ya mvua, kiganja cha Sajini kikasimama kwenye kombora la tatu. Kitasa kilikuwa wazi. Mvua ilikuwa imeingia usiku kucha, na aliyefungua jana yake alikuwa Baba. Kosa hilo lilikuwa la jela, na ofisa mkaguzi alikuwa tayari getini.

"Akanitazama," Baba alisema. "Akavua shati lake, akakausha nyaya kwa shati lake mwenyewe. Halafu akaniambia maneno mawili: 'Funga, tuendelee.' Basi. Miaka arobaini na zaidi, hajawahi kulitaja tena. Hata tukiwa wawili tu, hata akinikasirikia." Akaliweka kombora la waridi mezani. "Kitu cha kwanza atakachotafuta ni kifuniko. Nikimpa Namba Nne bila kifuniko, ni kama nimemwambia nimesahau."

Nikafuta uso. Nilijiona mjinga, na nilijua kwa hakika kwamba sitakubali.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," nikasema. "Kilikuwa na upana gani?"

Akainua vidole viwili, akavibana pamoja. Nikavipima kwa kipimio changu cha meno: milimita thelathini na sita. Ukigawa kwa sabini na mbili unapata nusu milimita kamili. Nikaanza kucheka peke yangu, na Baba akadhani nimerukwa na akili. Nusu milimita! Ndio unene wa waya wa chemchemi tunaofungia meno ya watoto yaliyokwenda upogo. Nina rola zima la waya huo kazini, naukata kila wiki.

"Sasa niambie kinaanzia wapi na kinaishia wapi."

"Siwezi kukwambia," alisema. "Lazima nitembee."

Akaenda kwenye korido, akasimama mlangoni mwa jikoni, akafumba macho, akaweka kiganja ukutani. Akaanza kutembea kuelekea mlango wa mbele, taratibu, kiganja kikiteleza ukutani, nami nyuma yake na chaki. "Pua inaishia hapa. Weka alama. Hapa kifuniko kinaanza. Hapa mapezi ya kiunoni, kiganja kinapita katikati yake. Angalia, kidole kidogo kinagusa pezi." Mkono ule ule unaotetemeka ukishika kijiko ulikuwa umetulia ukutani. "Mapezi ya nyuma. Kinapita. Na hapa, hapa kabisa, kitasa."

"Baba, kile nilichokinyoa kiliishia kabla ya mapezi ya nyuma. Nakumbuka."

Akafumbua macho. "Wewe ulikishika dakika kumi. Mimi miaka ishirini na miwili."

Nikapima chaki kwa utepe, mita sita kasoro kidogo, nikagawa kila alama kwa sabini na mbili. Ukuta ule sijaupaka rangi mpaka leo.

Alhamisi Baba akavaa shati lililopigwa pasi, tukaenda karakana pamoja. Kwa sindano nyembamba kuliko zote za mashine ya kusagia nikachimba kijifereji cha kukalishia waya kwenye kila kombora, likiwemo la Masanduku. Nikaulaza waya, nikaupitishia gundi, nikaubonyeza. La kwanza likakaa. La pili likakaa. Nilipochukua la tatu, Baba akanyoosha mkono.

"Hili nitalifunga mimi."

Nikamwachia kiti. Ilimchukua saa moja, mkono wa kushoto ukiuongoza wa kulia, na jasho likimdondokea kwenye kola. Alipomaliza akanikabidhi, na nikaona mara moja kwamba kule mkiani ncha ya waya imebaki imenyanyuka, kiasi cha unywele mmoja. Fundi aliye ndani yangu akapiga mayowe. Ningeweza kuibonyeza kwa ukucha. Nikatazama uso wa Baba, jinsi ulivyokuwa unang'aa, nikasema, "Safi kabisa," na hiyo ndiyo kazi mbovu ya kwanza niliyowahi kuipitisha maishani.

Ijumaa, tulipokuwa tunangoja rangi ya kijani-kijivu ikauke, nikapanda ghorofa ya nne kwenda kutubu. Sikumzungusha Masanduku. Nikamwambia: nililinyoa, kisha nikalirekebisha, na hivi ndivyo lilivyo. Akalichukua, akalisogeza chini ya kioo chake cha kukuzia, akakaa nalo kwa muda ambao mimi nilisoma majina ya maboksi thelathini ukutani.

"Hiki kimepita mapezi ya nyuma," alisema hatimaye. "Cha kiwandani hakikupita."

"Baba yangu anasema kiwanda kilikosea. Alitembea nacho ukutani."

Nikamweleza habari za korido na chaki. Masanduku akazama nyuma ya maboksi, akarudi na kitabu kinene cha picha, akafungua ukurasa wenye picha ya zamani, askari wasiojulikana wamesimama kando ya kombora kama lile. Akaweka kioo juu yake. Kifuniko kilipita mapezi ya nyuma. Kitasa kilikuwa pale pale Baba aliposema pawekwe alama.

"Miaka kumi na moja," alisema polepole, "nimetunza kosa kwenye pamba." Kisha, sikutegemea, akacheka. "Dada, kalibu yako bado ipo?"

Akaomba makombora matatu, yenye waya. Nikampa neno langu kwamba Jumatatu yatakuwa mikononi mwake, na neno langu safari hii nililitimiza. Nilishuka ngazi zile mbili mbili, mwanamke mzima wa umri wangu. Nilikuwa nimeharibu kitu kisichopatikana popote na nikakirudisha kikiwa sahihi kuliko kilivyotoka kiwandani. Usione vyaelea, vimeundwa. Nilijisifu njia nzima na sikuona haya.

Jumamosi Baba aliamka alfajiri akapiga viatu rangi. Namba Nne ilikuwa katikati ya meza ya kulia, makombora yake matatu yameelekea dirishani. Hatukuyagandisha kwenye kirushio. Baba alikataa katakata, akasema kombora hupandishwa na kushushwa, basi kila moja lilikalia vijipini viwili nilivyovikata kwenye kibanio cha karatasi.

Teksi ikasimama. Nilitoka kuwapokea, na mke wa Sajini akanishika mkono kabla sijamwamkia. "Tangu Jumatano," alinong'ona, "haoni kitu. Mwanga tu, na giza. Nilitaka kuwapigia, akanikataza. Amesema ameahidi kuja, anakuja."

Nusu milimita, nilifikiri, na rangi ya kijani-kijivu tuliyoichanganya mara tano, ya nini yote hiyo? Nikageuka, nikamwona Baba mlangoni. Alikuwa amesikia. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa na uso wake umezimika.

Sajini mwenyewe alikuwa anashuka garini, mrefu, amenyooka, fimbo mkononi. "Koplo!" aliita akielekea upande usio sawa. "Mbona kimya? Umekufa?"

"Bado, afande."

"Basi niongoze. Na usinigongeshe mlango kama ulivyoligongesha lori la maji."

Tukamkalisha mezani. Baba akamsogezea modeli, akamshika mikono akaiweka juu yake. Vidole vikubwa vya Sajini vikapita juu ya kibanda cha lori, magurudumu, kirushio. Vikafika kwenye makombora, vikateleza kutoka puani hadi mkiani, vikaendelea bila kusimama.

"Nzuri," alisema. "Nzuri sana, Koplo. Umefanya kazi."

Baba akaangalia chini. Alimjua mtu huyu. Sajini hakuwahi kusema "nzuri" juu ya kitu alichokikagua. Alisema "sawa" au alitukana.

"Vidole vyake navyo," mke wake alisema kwa upole. "Sukari imeviua. Juzi ameshika sufuria ya moto hakujua."

"Usiwatie watu huzuni, mama," Sajini akasema, lakini mikono aliitoa mezani, akaificha mapajani.

Nilisimama pale na hasira ikinipanda, hasira ya kweli, juu ya macho na vidole na sukari. Kisha ulimi wangu ukagusa nyuma ya meno yangu, kama ufanyavyo nikiwa nimekasirika, na nikajua la kufanya. Nikalinyofoa kombora la kwanza kwenye vijipini vyake.

"Baba mkubwa," nilisema, "mimi natengeneza meno. Wateja wangu wengi ni watu wazima, wengine macho hawana, wengine vidole vimekufa, lakini sijawahi kumdanganya hata mmoja. Mdomo haufi mapema hivyo. Lipitishe mdomoni."

"Rangi!" Baba akashtuka.

"Imekauka."

Sajini aligeuza uso kunitafuta. Kisha akalipokea, akaliweka kwenye mdomo wa chini, akalivuta taratibu, pua kwanza. Lilipofika katikati akasimama. Akalirudisha mwanzo, akavuta tena, na nikaona kope zake zinapigana.

"Kifuniko," alisema kwa sauti ndogo. "Koplo, mmeweka kifuniko."

"Ndiyo, afande."

"Nipe la pili."

Nikampa la pili. Akalipitisha lote, mpaka kwenye kitasa, akatikisa kichwa. "Sawa," alisema, kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mtu anayesimama kwenye uwanja wa gwaride. Mke wake akaweka kiganja mdomoni. Nikampa la tatu.

Likapita puani, likapita kiunoni, likapita mapezi ya nyuma. Mkiani likasimama. Sajini akalirudisha kidogo, akalisogeza tena, kwa utulivu, kama mteja wangu anayehakikisha kabla ya kulalamika. Mimi nilijua amegusa nini. Nilitaka kujificha chini ya meza.

"Koplo."

"Afande."

"La tatu umeliacha wazi tena."

Uso wa Baba ukaanza kutetemeka pamoja na mkono. Ndipo Sajini akaangua kicheko, kicheko kikubwa kilichoyatikisa mabega yake na kuzigonganisha glasi mezani, huku machozi yakimtoka kwenye macho yale yasiyoona, na Baba naye akapasuka, akicheka na kulia kwa pamoja, mke wa Sajini akicheka bila kujua sababu, nami nikicheka kuliko wote kwa sababu ilikuwa kazi mbovu kuliko zote nilizowahi kuzipitisha, na nilikuwa sijawahi kupitisha kazi nzuri kama hiyo.

Sajini akajifuta kwa mkono wa shati. Akalielekeza kombora upande alikomsikia Baba akipumua.

"Funga," alisema. "Tuendelee."

Nikatia tone la gundi kwenye ncha ya waya. Baba akalibonyeza kwa kidole gumba, na mkono ukawa unamtetemeka vibaya sana, mpaka Sajini alipoutafuta hewani, akaupata, akaufunika kwa wake. Ukatulia.

"Namba Nne tayari, afande!" Baba akapaza sauti mpaka jirani akachungulia dirishani.

Gundi ile hushika kwa sekunde thelathini. Waliibonyeza kwa robo saa nzima, wakisimuliana habari za lori la maji, nami sikuwaambia.